Kusafisha picha za sura kwenye kompyuta: mwongozo kwa anayeanza Goma

Maswali ni yale yale: nitumie programu gani, kwa nini ngozi inatoka kama plastiki, kwa nini bibi harusi mwenye weusi wa kupendeza anarudi kwenye karatasi akiwa na rangi ya majivu. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kufungua faili hadi kulipeleka kuchapwa. Umeandikwa kwa anayepiga au kusafisha picha za harusi, mahari, ubatizo na diploma hapa Goma, ila hatua hazibadiliki ukiwa Bukavu au Lubumbashi.

Jambo moja litangulie mengine yote: kusafisha picha si kubadilisha rangi ya mtu. Mteja akisema "unifanye mweupe kidogo", mara nyingi anachotaka ni uso wake uonekane, kwa sababu picha alizozoea zilimzamisha kivulini. Hilo ni tatizo la mwanga, na mwanga unarekebishika bila kugusa rangi ya ngozi. Mpe uso unaoonekana vizuri, wenye rangi yake, umwekee karibu na ile iliyopaushwa, kisha achague mwenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Ya GB 4 inafanya kazi, ila itakuwa nzito kwenye hatua ya 5.
- GIMP, programu ya bure. Toleo la 2.10 linatosha. Toleo la 3, lililotoka Machi 2025, ni bora zaidi kwa sababu linakuruhusu kurudi na kubadilisha marekebisho ya rangi baadaye. Mwenye Photoshop anaweza kufuata hatua hizi hizi. Majina ya vitufe tu ndiyo yatatofautiana.
- Kipanya. Usijaribu kazi hii kwa kidole kwenye laptopu, mkono utachoka na mistari itakuwa ya kutetemeka.
- Faili asili kutoka kwenye kamera au kadi yake. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa na kupunguzwa, na vitundu vya ngozi vimeshapotea. Mwambie mteja aitume kama hati.
- Ruhusa ya mwenye sura, na jibu lake kwa swali hili: ni alama gani usoni mwake hataki ziguswe?

Namba za brashi zilizomo humu ni za picha ya megapikseli 24, yenye uso wa urefu wa pikseli 1,500 hivi. Uso ukiwa nusu ya hapo, gawanya namba hizo kwa mbili.

Kompyuta nyingi hapa zina kibodi ya Kifaransa. Njia za mkato za herufi (H, C, F, O) zinafanya kazi kama kawaida. Alama [ na ] za kukuza na kupunguza brashi zinahitaji AltGr na mara nyingi hazitii, kwa hiyo badilisha ukubwa kwenye paneli ya brashi. Ukikosa amri yoyote kwenye menyu, bonyeza alama ya / (kwenye kibodi ya Kifaransa ni Shift na kitufe cha nukta mbili), andika jina lake, GIMP itakutafutia.

Picha za pasipoti na za kitambulisho hazisafishwi. Rekebisha mwanga, kata kwa kipimo kinachotakiwa, basi.

Hatua

1. Tenga faili na ukague picha. Tengeneza folda tatu: asili, kazi, tayari. Folda ya asili haiguswi kamwe. Nakili picha kwenye folda ya kazi, ifungue, ikuze hadi asilimia 100, uangalie jicho lililo karibu na kamera. Kope zikiwa na ukungu, chagua picha nyingine ya pozi lile lile; hakuna brashi inayorudisha fokasi iliyokosewa. Kisha hifadhi papo hapo kwa Ctrl+S ili upate faili la XCF (faili la kazi la GIMP), na urudie Ctrl+S mwishoni mwa kila hatua. Umeme hauagi ukiondoka.

2. Sahihisha mwanga na rangi kwanza. Wanaoanza hukimbilia chunusi, halafu wakirekebisha mwanga baadaye kila kiraka walichoweka kinajitokeza. Anza na mwanga.

Nakili leya (tabaka la picha) kwa Shift+Ctrl+D. Fungua Curves (Courbes, kama programu yako iko kwa Kifaransa). Weka nukta katikati ya mstari, kwenye 128, uipandishe hadi 138 au 142. Weka nukta ya pili karibu na mwanzo wa mstari, kwenye 30, uiache pale pale ilipo. Nukta hiyo ya pili ndiyo inayoshikilia weusi wa nywele na vivuli. Ukiisahau, vivuli navyo vitapanda, na ngozi nyeusi itageuka kijivu. Majivu yanayolalamikiwa mengi yanazaliwa hapa.

Sasa rangi. Chukua chombo cha kudonoa rangi (O), kiambie kipime wastani wa eneo la pikseli kama 15, ubofye shavu mahali pasipo na mng'ao wala kivuli kikali. Soma namba tatu. Katika mwanga mzuri, ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, huwa na nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Kwa mfano 120, 82, 60. Bluu ikiwa juu ya kijani, kuna rangi ngeni iliyoingia. Hapa Goma watuhumiwa ni wachache: turubai la bluu la sherehe, anga kwa aliyesimama kivulini, ukuta uliopakwa kijani, na liputa (kitenge) lenye rangi kali linalorusha rangi yake chini ya kidevu. Rudi kwenye Curves, chagua mkondo (channel) wa bluu, ushushe katikati kidogo kidogo huku ukipima shavu upya. Rangi ikiwa imeingia chini ya kidevu tu, usiguse picha nzima. Zungushia sehemu hiyo peke yake kwa chombo cha kuchagua (F).

Angalizo: usitumie shati jeupe kama kipimo cha weupe. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo, na juani shati hilo huonekana na ubluu. Ukilisawazisha shati, uso unageuka manjano. Kadi ya kijivu iliyopigwa picha moja mwanzoni mwa sherehe ndiyo kipimo cha kuaminika.

Mwisho wa hatua hii, linganisha uso na shingo, na mikono pia. Picha za harusi zina tatizo lake: poda iliyopakwa huwa nyepesi kuliko ngozi, hivyo uso unaonekana umebandikwa juu ya shingo. Shusha uso uifuate shingo, usipandishe shingo iufuate uso.

3. Ondoa vya kupita, acha vya kudumu. Nakili leya tena, uipe jina "madoa". Usifanye kazi hii kwenye leya tupu: kiponyaji (Heal) cha GIMP, kwa mpangilio wake wa kawaida, huchanganya rangi na kile kilicho chini yake kwenye leya ile ile, na leya tupu haina kitu.

Kanuni ni wiki mbili. Kitu ambacho kingekuwa kimepona au kimeondoka usoni baada ya wiki mbili, kiondoe: chunusi, vipele vya wembe, mkwaruzo mpya, uzi wa nguo, chembe ya vumbi, tone la jasho. Kitakachokuwepo bado, kiache: doa la kuzaliwa, chale, kovu la zamani, mwanya. Doa la kuzaliwa la mama mzazi likifutwa, watoto wake watalitafuta kwenye picha hiyo miaka yote.

Bonyeza H. Chagua brashi laini kiasi, kubwa kuliko doa kwa kidogo tu (doa la pikseli 20, brashi ya 26 hadi 30). Shikilia Ctrl, ubofye ngozi safi iliyo karibu na inayopata mwanga ule ule, achia, halafu bofya doa mara moja. Usiburute. Chukua sampuli mpya baada ya kila madoa mawili au matatu, la sivyo utaona kipande kile kile cha ngozi kikijirudia mashavuni.

Karibu na mpaka wenye tofauti kali, kama ukingo wa mdomo, mstari wa nywele au kola ya shati, kiponyaji huvuta weusi na kuacha waa. Hapo badilisha utumie C, chombo cha kunakili, kwa nguvu (Opacity) ya asilimia 40, ukigusa mara mbili tatu.

Vipele vya wembe shingoni huchosha kwa sababu ni vingi. Ondoa vikubwa kimoja kimoja, vidogo viache hadi hatua ya 5.

4. Punguza mng'ao, usiufute. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa madoa ya mng'ao kwenye paji, pua na mashavu, na mng'ao huo ndio unaoupa uso umbo lake. Ukiufuta wote uso unakuwa bapa.

Ongeza leya mpya tupu, weka hali yake iwe ya kutia giza tu: Darken only. Donoa rangi ya ngozi pembeni kabisa ya mng'ao. Chukua brashi laini sana ya pikseli 150, nguvu asilimia 10, upake kwa kupita mara chache. Kisha shusha nguvu ya leya hadi mng'ao ubaki kama theluthi mbili ya ulivyokuwa.

Pima pia katikati ya mng'ao kwa chombo cha O. Ukisoma 255, 255, 255, hapo hakuna ngozi tena kwenye faili, ni karatasi nyeupe, na rangi utakayopaka itaonekana kama plasta. Nakili kwanza vitundu vya ngozi kutoka shavuni kwa C, nguvu asilimia 40, ndipo upake.

5. Tenganisha rangi na vitundu. Hatua hii ndiyo inayotofautisha kazi ya fundi na ile ya kitufe cha urembo cha telefoni. Kitufe hicho hutia ukungu kila kitu kwa pamoja. Sisi tunataka kulainisha mabaka ya rangi huku vitundu vya ngozi vikibaki.

Unganisha unachokiona kiwe leya moja mpya juu ya zote (amri ya New from visible). Ukiwa juu ya leya hiyo, tafuta amri ya Wavelet decompose. Kwa Kifaransa andika "ondelettes". Kubali viwango 5. GIMP itagawa picha katika leya sita ndani ya kundi moja: ya juu ina vitu vidogo kabisa kama vitundu na vinyweleo, zinazofuata zina vitu vikubwa zaidi, na ya chini kabisa ina rangi na mwanga tu, bila vitundu.

Nenda kwenye leya ya chini kabisa. Bonyeza F, washa ulainishaji wa kingo (Feather edges) wa pikseli 30, uzungushie eneo moja lenye mabaka, tuseme shavu la kushoto. Tumia ukungu wa Gaussian wa pikseli 12. Ondoa uteuzi kwa Shift+Ctrl+A. Rudia kwa shavu la kulia, kisha paji, kisha kidevu, kila eneo peke yake.

Usizungushie pua na shavu kwa pamoja, wala kope na paji kwa pamoja. Mpaka kati ya pua na shavu ni kivuli kinachojenga sura. Ukiutia ukungu, pua inapanuka na mtu anakuwa mwingine.

Vile vipele vidogo vya shingo sasa nenda navyo kwenye leya ya kiwango cha 3 na cha 4, kwa kiponyaji. Leya za kiwango cha 1 na cha 2 ziache. Ukishaona kwamba umezidisha, na mara za kwanza utazidisha, shusha nguvu ya kundi zima hadi asilimia 60 au 70; picha iliyo chini itarudisha uhai.

6. Chonga kwa mwanga na kivuli. Goma iko karibu sana na ikweta, na saa sita mchana jua liko juu ya utosi. Zaidi ya hapo, chini ni mawe meusi ya lava, ambayo hayarudishi mwanga usoni kama mchanga au saruji ingefanya. Matokeo yake ni macho yaliyozama na kivuli kizito chini ya pua na mdomo. Lubumbashi udongo mwekundu hurudisha mwanga, lakini unakuja na wekundu wake chini ya kidevu, jambo la hatua ya 2.

Ongeza leya mpya, ijaze rangi ya kijivu 808080, weka hali yake iwe Soft light. Picha haitabadilika. Chukua brashi laini, nguvu asilimia 5 tu. Ukipaka nyeupe, mahali hapo panapata nuru; ukipaka nyeusi, panatiwa kivuli. Pita juu ya mashimo ya macho kwa nyeupe, taratibu, afadhali mara kumi kuliko mara moja kwa nguvu. Inua kidogo kivuli cha chini ya pua. Mistari inayoshuka toka puani hadi pembe za mdomo iinue nusu tu; mama wa miaka 55 asiye na mistari hiyo anaonekana amevaa uso wa mtu mwingine. Kila dakika chache rudisha picha ndogo, uitazame nzima.

7. Macho na meno. Zungushia weupe wa jicho, punguza ukali wa rangi (Saturation) kwa asilimia 20, ongeza nuru kidogo sana. Ondoa mshipa mwekundu mmoja au miwili iliyojitokeza. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho. Ni yao, yaache. Mboni zisigeuzwe kijivu.

Kwenye meno punguza manjano kwa asilimia 30, usiongeze weupe. Waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi ya maeneo ya volkano wanaweza kuwa na madoa ya kahawia menoni. Hayo ni ya kudumu, kwa hiyo muulize mwenyewe kabla hujayagusa.

8. Nywele na kitambaa. Nyweleo zilizoruka nje ya umbo la kichwa ziondoe kwa C dhidi ya mandharinyuma. Za mstari wa paji ziache. Liputa usilitie ukungu hata kidogo: michoro yake ndiyo kitu cha kwanza ambacho mvaaji ataangalia baada ya uso wake.

9. Simama. Ondoka kwenye skrini dakika 15. Ukirudi, zima na uwashe leya zako zote ukilinganisha na ya asili. Anayemfahamu mtu huyo anatakiwa aseme amependeza, asiulize umefanya nini.

10. Toa faili. Vipimo vya kuchapa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni hivi: sentimita 10 × 15 ni pikseli 1181 × 1772, 13 × 18 ni 1535 × 2126, 20 × 30 ni 2362 × 3543. Kata kwa uwiano huo wewe mwenyewe, usimwachie mwenye mashine, maana itakata utosi au vidole. Punguza ukubwa kwanza, noa baadaye, kwa kiasi kidogo. Toa JPEG kwa Shift+Ctrl+E, ubora 95, rangi za sRGB. Ya telefoni iwe na pikseli 2048 upande mrefu, itumwe kama hati.

Kabla ya kuchapa albamu nzima, chapa moja ya 10 × 15 na uitazame nje, kwenye mwanga wa mchana. Karatasi ya jaribio moja ni rahisi kuliko albamu ya pili.

Mambo yakienda vibaya

*Picha iliyochapwa ni nyeusi kuliko ya skrini.* Skrini yako inang'aa kupita kiasi. Ishushe hadi karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni yake chumbani ionekane na nuru sawa. Zima pia hali ya usiku inayotia umanjano, na usiamue rangi wakati laptopu iko kwenye betri na imejipunguzia mwanga.

*Ngozi ina rangi ya majivu.* Ama ulipandisha vivuli (rudi hatua ya 2, rudisha ile nukta ya 30), ama ulipunguza ukali wa rangi wa picha nzima badala ya macho tu. Kama faili la kazi limepotea, ongeza nyekundu kidogo na upunguze bluu kwenye rangi za katikati, kisha teremsha vivuli.

*Ngozi ni plastiki.* Uligusa viwango vya 1 na 2, au ukungu ulizidi pikseli 20. Shusha nguvu ya kundi. Ikishindikana, futa kundi, rudia hatua ya 5. Ndiyo sababu leya ya "madoa" ilibaki chini.

*Mistari ya ngazi ngazi kwenye shavu au anga.* Faili la biti 8 limechoka kwa ukungu. Badilisha picha iwe ya biti 16 kwenye menyu ya Image, sehemu ya Precision, kabla ya hatua ya 2.

*Brashi haifanyi kitu.* Kuna uteuzi uliosahaulika mahali fulani, bonyeza Shift+Ctrl+A. Kama bado, angalia uko kwenye leya gani, na kama brashi yako haijabaki kwenye nguvu asilimia 5 ya hatua ya 6.

*Uso una vijisanduku vidogo vidogo.* Hilo ni faili la WhatsApp. Omba la asili. Kama halipo kabisa, usiingie hatua ya 5. Fanya mwanga, rangi na madoa makubwa tu, uchape kwa 10 × 15 na si zaidi.

*Vumbi lile lile liko mahali pale pale kwenye kila picha.* Liko kwenye sensa ya kamera. Vumbi jeusi la barabara zetu huingia kila unapobadilisha lenzi nje, hivyo badilisha ndani, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Usilipulize kwa kinywa. Tumia pampu ya mpira ya hewa, na kama haliondoki, mpe fundi.